Panzi wa Wavinya

Mulwa alipokufa alimwachia mkewe Wavinya cherehani, nyumba ya vyumba viwili pale mjini Wote, na buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja, aliyemfuga ndani ya ndoo yenye mchanga.

Wavinya hakuwahi kumpenda mdudu huyo. Lakini sasa ndiye aliyebaki, basi akamwekea maji kwenye kifuniko cha soda na kumshikia panzi kila jioni. Buibui hakula. Wiki tatu, hakugusa kitu.

"Kumbe hata wewe unamlilia," Wavinya akamwambia.

Yeye mwenyewe, matangani, akina mama wa kanisa walimsukumia sahani tu: kula kidogo, mama, kula. Naye akamwachia buibui panzi watatu wanono, akafunika ndoo, akaenda ibada.

Aliporudi, buibui alikuwa chali, ngozi kuukuu ameivua nusu, na panzi wanamtafuna tumbo laini.

Ndipo akakumbuka maneno ambayo Mulwa aliyarudia miaka yote, yeye akijitia uziwi: "Akigoma kula, anataka kubadili ngozi. Waondoe panzi ndooni, umwache."

Buibui hakuwa na msiba. Msiba ulikuwa wa Wavinya peke yake.