Kinyozi Anayechekesha Bila Kucheka

Saa mbili asubuhi, mteja wa kwanza ameegemea kiti, povu limemfunika kidevu. Kinyozi anamsimulia kisa cha bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti hikihiki, akaamka bibi harusi keshaolewa na mwingine. Duka zima linaangua kicheko. Msimulizi mwenyewe amekaza uso kama yuko msibani.

Wateja wanamwita Mbao. Kwa miaka miwili waliamini ni mbwembwe za kazi.

"Nikicheka, kisogo kinataka kupasuka," anasema taratibu, akinoa wembe. "Nikikohoa, vilevile. Basi nikajifunza kuchekesha watu na kujinyima mwenyewe."

Aliyeshtuka ni mkewe, ambaye huchemsha taulo za duka. Siku moja Mbao alikamua taulo, akalipima kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, akamwekea mwalimu mmoja mstaafu usoni. Mwalimu akaruka kitini.

"Taulo lile lilikuwa halishikiki," anasema mkewe. "Yeye ananiambia, mama watoto, mbona ni vuguvugu? Nikajua hapa pana jambo."

Picha za hospitali zilionyesha kwamba sehemu ya chini ya ubongo imeteremkia kwenye tundu linalounganisha fuvu na shingo. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yanapita hapo kwa shida. Akicheka, msukumo unaongezeka na maji hayana pa kwenda. Mengine yamejikusanya ndani ya uti, yakabana njia za kuhisi joto na maumivu.

"Ni kama shule imetoka, halafu mtu mnene kaziba mlango," anaeleza Mbao, akimtupia mkewe jicho. Mkewe anamchapa na taulo.

Jumatatu atafanyiwa upasuaji wa kupanua nafasi hiyo. Daktari hakumficha: maumivu ya kisogo huenda yakatulia na ganzi ikazuiwa isiendelee, lakini vidole vinaweza visirudi vilivyokuwa.

"Naogopa," anasema. "Mikono hii ndiyo shamba langu."

Kwa sasa, kila taulo linapitia kwanza shavuni mwa mkewe.

Akitoka salama, anataka mambo mawili: kunyoa, na kucheka. Mkewe amemwekea kisa kilichotokea nyumbani mwezi uliopita. Watoto wanakijua, majirani wanakijua, yeye peke yake hakijui.

"Nidokeze kidogo basi."

"Sikudokezi. Nilikupendea kicheko, nitakingoja."

Mkewe analigusisha taulo shavuni, anatikisa kichwa, analipepea lipoe.