Daftari la Ushuhuda

Nilikuwa katibu wa kanisa letu kule Bwera, yaani mtu wa kuandika upuuzi wa wakubwa kwa mwandiko mzuri. Kila Jumapili waumini walisimama kutoa ushuhuda, nami nikauandika daftarini. Kaka yangu ndiye aliyelijaza.

Jumapili moja aliingia mbio, macho yanang'aa, akasema ana siku sita hajalala wala hajala, na hachoki. Maneno yalimtoka kwa kasi hadi mkalimani wa ibada akashindwa, akaketi. Alikuwa amelima shamba lake, la jirani, na kipande cha uwanja wa shule, eti Mungu amemwagiza kulisha wilaya nzima. Mwenye akili angeuliza uwanja wa shule umemkosea nini. Mchungaji wetu, ambaye hajawahi kufunga hata hadi saa sita mchana, alipiga makofi pamoja na wazee wa kanisa.

"Muache, iko na Roho," aliniambia. "Andika!"

Nikaandika, na mwishoni nikaweka Haleluya.

Wiki chache baadaye kaka alijilaza akageukia ukuta. Hakuoga, hakusema na mtu, alitaka kufa tu. Makofi yakaisha. Wazee walewale walikuja kukemea pepo wa uvivu, wakamaliza chai yote ya shemeji, wakaenda zao.

Tulipompeleka kwa daktari mjini Kasese tulieleza huzuni peke yake. Zile wiki za furaha hatukuzitaja. Nani humpelekea daktari baraka? Akapewa dawa za huzuni. Zilimwinua kweli. Mwezi haukuisha, akapanda paa la kanisa kuhubiri, akaanguka, akavunjika nyonga.

Safari hii mchungaji alifuatana nasi, na daktari aliuliza kwa ukali kama kaka aliwahi kuwa hivyo zamani. Mchungaji alitazama viatu vyake, vilivyong'arishwa vizuri. Mimi nilitoa daftari mkobani. Daktari alisoma kurasa tatu polepole: siku ngapi bila usingizi, siku ngapi bila chakula, amelima wapi, amesema nini.

"Hii ndiyo ugonjwa yenyewe," alisema. "Inapanda, inashuka. Nyinyi mulileta ile ya kushuka tu. Ningeona hii, singempa ile dawa."

Akaandika dawa nyingine. Kisha akaweka kidole chini ya ukurasa, akauliza kama hii Haleluya pia aliisema mgonjwa.

"Hapana," nikamjibu. "Hiyo niliiongeza mimi."