Alitaja Jina la Mwanaume Ili Apumzike, Nami Nikaliandika

Admin, jina langu lifunike vizuri maana Mpanda tunajuana. Nina miaka 61, mjane, mstaafu, naishi Nsemulwa. Maisha yangu yote ya kazi nimefanya utafiti wa uzazi, mpaka nikaitwa Dokta. Wa kunitukana watukane tu, mimi nimeshajitukana kuwazidi.

Miaka ya tisini nilikuwa bado mbichi kazini. Mradi ulinituma vijijini kuandika jinsi akina mama wanavyojifungulia nyumbani. Bosi wangu alisisitiza: "Wewe kaa, angalia, andika. Usiingilie." Nikalishika hilo kama amri ya Mungu, mjinga mimi.

Kule Kasansa nilipokelewa na familia ya wafugaji wa Kisukuma. Mkwe wao, nitamwita Kabula, alikuwa na uchungu siku ya pili na mtoto hatoki. Zamani hizo sehemu nyingi waliamini uchungu ukichelewa basi mama ametoka nje ya ndoa, na mtoto hatoki mpaka huyo mwanaume atajwe. Mama mkwe akamsimamia kichwani. "Mtaje! Unataka kumuua mjukuu wangu?" Kabula analia tu, "Mayu, mama yangu, sina mtu, naapa." Gari la mradi lipo nje, dereva anasinzia. Na mimi? Naandika! Jamani, nilifurahi. Niliona nimepata kitu ambacho wenzangu wamekisikia tu kwa masimulizi, nikaogopa nikisema apelekwe hospitali nitakiharibu.

Mwisho akataja jina la jirani. Wanawake wakatoka mbio kumwambia mume, tukabaki wawili. Akanishika mkono. "Dada, nimemsingizia yule. Nilitaka waniache nipumzike. Mtoto ni wa mume wangu, uwaambie."

Ndipo nikamwamsha dereva. Tunafika Sitalike, bado tuko njiani, alikuwa hasemi tena. Hospitali wakampasua, mtoto wa kike akapona. Kabula alifariki kesho yake.

Sikuwaambia. Ningefungua mdomo wangeuliza gari lilikuwa linangoja nini. Nikajifunika na kisingizio kwamba mambo ya utafiti ni siri, nikaandika ripoti, nikapanda cheo. Mume alimkataa mtoto, akalelewa na bibi mzaa mama kwa masimango ya kijiji kizima.

Wiki iliyopita huyo binti, sasa mama mtu mzima, kanifuata nyumbani. Shangazi yake alimwambia siku ile kulikuwa na dada anaandika, akaulizia mpaka akanipata. Baba yake yuko mahututi, na ndugu wamemkataza kukanyaga pale. Akapiga magoti. "Mama, wewe ulikuwepo. Ni kweli mama yangu alikuwa malaya?"

Nikamjibu, "Mwanangu, ni zamani sana, sikumbuki."

Akainama akanishika miguu. "Asante mama. Angalau wewe ulimpeleka hospitali."

Nikisema, atajua mama yake alikuwa anakufa huku mimi nageuza kurasa. Nikinyamaza, baba yake atazikwa na yeye amefukuzwa msibani kama mwizi. Na mzee hana siku nyingi.

Nishaurini ndugu zangu, maana mwenyewe nimeshindwa. Na nyie mliopoteza mama zenu kwenye uzazi, nijibuni nyie kwanza: aliyekuwa amekaa pale na gari nje, mngetaka aje awaambie?