Kiti cha Mfua Nguo

Watu walimwita Mkaa kwa sababu alichora kwa mkaa, na si ule wa dukani unaouzwa kwenye kijaluba kama dawa ya kikohozi. Aliuokota kwenye majiko ya jirani, akichagua vipande kama mtu anayechambua mchele. Kucha zake zilikuwa nyeusi mpaka alipooa, na baada ya kuoa zikaendelea kuwa nyeusi, ila sasa zilikuwa na mtu wa kuzigombeza.

Alilelewa na dada yake mkubwa, mfua nguo, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dada aliinama uani juu ya beseni tangu asubuhi, na mdogo wake akachora kwenye ukuta wa choo cha wapangaji. Mwenye nyumba alikuja kugomba, akajiona ukutani na kitambi chake, akacheka mpaka akasahau kilichomleta. Wenye nyumba wa siku hizi wangepandisha kodi.

Gazeti likamwajiri. Enzi hizo gazeti lilikuwa kitu cha kusoma, si matangazo ya waganga yaliyozungushiwa habari mbili tatu. Kila Jumamosi alichora mtu mmoja wa mitaa ya chini, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuusomea popote. Hakuchora mtu bila kumwomba ruhusa, na aliyekubali alipewa haki ya kuongezewa kitu kimoja asichokuwa nacho. Mchukuzi wa sokoni aliomba saa ya mkononi. Mzibua mitaro aliomba tai. Mshona viatu, aliyetembea peku maisha yake yote, aliomba viatu, tena vya ngozi. Bibi mmoja muuza maji aliomba meno.

"Yote, bibi?"

"Ya mbele tu, mwanangu. Ya nyuma nani atayaona?"

Wasomaji wenye magari waliandika kulalamika kwamba maskini wa mji huu wanajidai. Mmoja alitaka kujua mzibua mitaro amepata wapi tai nzuri kuliko yake. Mhariri wa zamani, mzee mvuta kiko, alizisoma barua hizo kwa sauti, na ofisi nzima ikashika mbavu.

Dada yake hakuomba kitu kwa miaka mingi. Alipoomba, aliomba kiti.

"Chenye mgongo na pa kuegemeza mikono," alisema. "Nimeinama tangu unanyonya. Nichore nimekaa kama watu."

Mkaa akamchora amekaa, ameegemea, na beseni limelala kifudifudi pembeni kama mbwa aliyeshiba. Ilikuwa picha yake bora. Nasema hivyo mimi niliyepanga herufi za risasi katika mtambo wa gazeti lile, kabla kazi hiyo haijahamia kwenye vidole laini vya watu wa kompyuta.

Kisha mhariri wa zamani akafa, akaletwa kijana mwenye suruali ya kubana na digrii mbili, asiyeweza kuagiza chai bila kutaja neno "simulizi". Huyu akaamua kutoa kitabu cha michoro ya Mkaa. Mkaa alikitamani kitabu hicho maisha yake yote. Macho yalikuwa yameanza kufifia, na gazeti mwisho wake ni kufungia misumari dukani. Kitabu kingebaki.

"Mzee wangu, wafadhili wameipenda sana ile ya mfua nguo," mhariri alimwambia. "Tunaiweka kwenye jalada. Ila kiti kinawasumbua."

"Kinawasumbua nini? Wamekikalia?"

"Hakionyeshi umaskini. Kitoe tu."

"Nikikitoa ataanguka."

"Basi mwinamishe kidogo kwenye beseni. Kiti kikibaki, hakuna kitabu."

Mkaa akaenda kwa dada yake, akamkuta anakamua shuka, akamweleza yote.

"Kwa hiyo wanataka niiname."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe unakitaka hicho kitabu."

"Nakitaka sana."

Dada akaikung'uta shuka ikalia kama kofi. "Kwenye beseni nainama kwa ajili ya tumbo. Kwenye karatasi niiname kwa ajili ya nani? Waambie wakitaka kuniinamisha waje na nguo zao chafu kabisa, nimalize kazi mara moja."

Mkaa akarudi, akakataa. Mhariri akatabasamu, akasema uamuzi wake utaheshimiwa. Siku hizi ukisikia hivyo ujue jambo limekwisha kuamuliwa bila wewe.

Kitabu kikatoka. Katika ukumbi wenye mazulia, pazia lilivutwa tukaliona jalada limekuzwa ukutani: dada wa watu amekunja magoti hewani, mgongo umeegemea upepo. Mtaalamu wa kompyuta alikuwa amekifuta kiti, mguu kwa mguu, wala hakuna aliyejua kumwinamisha aliyebaki. Hakuna aliyecheka. Mgeni wa heshima alisimama mbele ya kiti chake, kipaza sauti mkononi, akaanza kufafanua jinsi maskini anavyoning'inia baina ya tumaini na hatima. Wasomi wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Dada mwenyewe alikuwa amesimama nami mlangoni, kwenye gauni lake la kutokea. Viti vilikuwa vya wenye kadi, na hakuna aliyekumbuka kumpa kadi.

"Yule ni mimi?" aliniuliza.

"Ni wewe, dada."

"Nimekalia nini?"

Jibu alikuwa nalo Mkaa, aliyekaa mstari wa mbele. Aliinuka, akanyanyua kiti cha mgeni wa heshima nyuma ya hotuba yake, chenye mgongo na pa kuegemeza mikono, akakibeba mpaka mlangoni. Dada akakaa, akapanga gauni, akaegemea. Mkaa akatoa kipande cha mkaa mfukoni, akapindua kitabu, akamchora nyuma ya jalada. Ndiyo picha pekee ya kitabu hicho aliyoikubali mpaka anakufa, na iko kwenye nakala moja tu.

Hotuba ikaisha, makofi yakapigwa, mgeni wa heshima akakaa. Mtu wa cheo hana mazoea ya kutazama nyuma kama kiti kipo. Kabla hajalifikia zulia, alifanana kabisa na jalada.

"Mchore na huyo," dada alisema bila kugeuza shingo, maana alikuwa bado anachorwa. "Lakini muulize kwanza anataka kuongezewa nini."