Kiapo cha Kitindamimba

Kazi yake mahakamani ilikuwa ndogo kwa kuitazama: kuita majina mlangoni, kunyamazisha wanaonong'ona, na kumshikia Biblia kila shahidi anayekula kiapo. Kwa miaka kumi na tisa aliyoifanya, mji mzima ulimwita Mama Biblia. Jalada la kitabu lilikuwa limepauka katikati kwa jasho la viganja, na yeye alijua jasho la nani lilikuwa la uongo. Aliwaona wakiapa kwa macho makavu, kisha wakitoka nje wakipigana mabega kwa kicheko, na kila mara damu ilimchemka. Waongo hakuwa na subira nao, wala hakujifanya anayo.

"Ninyi mmemalizana nao," aliwaambia makarani wakati wa chai. "Mungu hajaanza."

Makarani walimtania kwamba, kwa kuwa yeye ndiye karani wa mahakama ya mbinguni, awatafutie nafasi huko. Alicheka kidogo, lakini mwenyewe hakuwa anatania. Kwamba kila mtu atasimama mbele ya kiti cha enzi asomewe yake yote, hilo kwake lilikuwa na hakika kama kesho asubuhi.

Ndipo ikaja kesi ya mlinzi wa ghala la rangi. Mzee wa watu alishtakiwa kwamba amefungua ghala na kuiba ndoo arobaini. Shahidi mkuu alikuwa mtunza ghala, na mtunza ghala mwenyewe ni mdogo wake Mama Biblia wa tumbo moja, kitindamimba wa kwao, ambaye yeye alimbeba mgongoni tangu hajui kukaa. Jumapili mchana, huku anatafuna, kijana huyo alimwambia dada yake na mama yao kwamba funguo aliwapa rafiki zake yeye mwenyewe. Mahakamani angesema alimwona mlinzi akifungua. Mzee hana ndugu wa kumtetea, alisema, atafungwa kidogo na yataisha.

Mama Biblia alisukuma sahani. Alimwambia ni mwizi na mwongo, naye hamung'unyi maneno anapokasirika. Mama yao akamshika mkono.

"Mwachie Mungu, mwanangu. Si wewe husema atahukumu? Wewe shika kitabu tu."

Neno hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe. Mwachie Mungu! Watu wamemfanya Mungu pipa la kutupia kila wanachokiogopa. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelitumia neno hilo kwa miaka yote ile. Mara ngapi alijua fulani anaapa uongo, akarudisha kitabu kabatini, akamwachia Mungu, akaenda kunywa chai? Siku ya hukumu angeulizwa alikuwa wapi, na jibu lilikuwa kwamba alikuwa pale pale, amekishika.

Jumatano aliita jina la mdogo wake mlangoni kama anavyoita majina yote. Kijana alipanda kizimbani, shati limepigwa pasi, akanyoosha mkono. Ng'ambo yake mlinzi alikuwa amesimama na makandambili, akitazama sakafu. Mama Biblia akakikumbatia kitabu kifuani.

Hakimu alimuuliza kuna nini.

"Mheshimiwa, huyu ni mdogo wangu," alisema kwa hasira. "Anataka kuapa uongo. Funguo alizitoa yeye."

Hakimu akavua miwani, akaanza kumwonya kuhusu kazi yake, lakini Mama Biblia alikuwa amekwisha kumgeukia ndugu yake.

"Sikubebi tena," alimwambia. "Huku unaweza kumdanganya hakimu, ukakata rufaa na ukashinda. Kule tunakokwenda hakuna rufaa, na mimi sitasimama nawe kwenye uongo huu. Haya, shika sasa, useme kweli."

Akamsogezea kitabu. Mkono wa kijana ulikaa hewani muda mrefu, kisha ukashuka juu ya jalada. Akasema kwamba funguo alizitoa yeye, na mzee hakujua lolote. Aliyasema kwa sauti ndogo, hakimu akamtaka arudie, akarudia.

Hasira haikumtoka Mama Biblia, hata polisi walipomchukua kijana. Jioni alirudi kwao kwa miguu, njia nzima akisaga meno, kwenda kumwambia mama yao kwamba kitindamimba wake hatakuja kula.