Kompyuta Yatoka Nje Kunywa Maji

"Katazo la Kuingiza Vimiminika katika Chumba cha Kompyuta" limebandikwa mlangoni mwa ofisi moja ya upimaji hapa Arusha. Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi lao nikisubiri ramani ya shamba langu la Tengeru, maana kesho yake jirani alikuwa ameniita kwenye baraza la ardhi kwa ajili ya mpaka. Ramani haikutoka. Kompyuta ilikuwa ikizimika kwa joto. Ndipo fundi, binti mchangamfu, akafika na dumu la maji ya betri.

"Shikamoo mzee," akamwamkia mlinzi aliyekaa mezani kando ya mlango.

"Marahaba. Maji hayaingii humo," mlinzi akajibu, kidole kwenye tangazo.

"Ni ya kuipoza kompyuta, mzee. Yanazunguka kwenye mipira, kama rejeta ya gari."

"Binti, ng'ombe hupelekwa mtoni. Umeona wapi mto ukiletwa zizini?"

Fundi akacheka, akaingia mikono mitupu, akatoka ameikumbatia kompyuta. Akaiweka mezani kwa mlinzi, akazungushia tishu kwenye maungio ya mipira ili avujo lolote lionekane, akamimina taratibu, akawasha pampu ya maji tu, kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Alipoinamisha kasha huku na huku kutoa mapovu, mlinzi alishika upande wa pili.

"Inakunywa kweli!" akanong'ona.

Tishu zilibaki kavu; hakuna palipovuja.

Nimelisoma tangazo lile mara mbili. Linakataza mtu kuingia na maji. Kuhusu kompyuta iliyokwisha kunywa, halisemi kitu.

Lita nzima ya maji iliingia chumba cha kompyuta, na mlinzi ndiye aliyefungua mlango. Ramani yangu ilitoka saa nane mchana.