Wala Nyasi Tisa wa Bwawa la Dani

Nakumbuka vizuri siku niliyopigwa kifuani na samaki mbele ya majirani wote, nikaanguka chali kwenye matope, na hakuna aliyeninyooshea mkono kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Cheka na wewe, mwanangu, sikukatazi. Ila ukimaliza unisikilize, maana siku hiyo hiyo nilikaribia kufanya jambo ambalo hata leo nikilifikiria nywele hunisimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mvuvi wa Luanda Kotieno, na majivuno yangu yalikuwa hayaenei kwenye mashua. Mama yake baba, ambaye sisi Wajaluo tunamwita Dani, alikuwa na bwawa nyumbani kwake karibu na Kombewa. Babu alilichimba kwa jembe lake mwenyewe, akalizuia upande wa chini kwa ukuta wa udongo, kisha akafa akamwachia. Ng'ombe walikunywa hapo. Sukuma wiki ilimwagiliwa hapo. Samaki aina ya ngege waliovuliwa humo ndio aliowauza sokoni. Hakuwa na kitu kingine cha kumtunza. Na chini ya ukuta ule kulikuwa na kijito kinachoteremka mpaka ziwani.

Bwawa lilikuwa limesongwa na majani ya majini. Nikasikia habari za samaki wageni, kapi wanaokula nyasi kama ng'ombe, nikawatafuta kwa mfugaji mmoja wa mbali, nikaleta tisa ndani ya ndoo, kila mmoja urefu wa kidole. Nikawamwaga majini. Dani sikumuuliza. Nilitaka kumshangaza, na kweli nilimshangaza.

Mwaka wa kwanza nilisifiwa hadi nikachoka kusifiwa, au niseme ukweli, sikuchoka. Maji yalionekana mpaka chini. Lakini samaki wale hawakujua kushiba. Walimaliza majani yote, wakawa warefu kama mguu wangu, kisha wakageukia nyasi za ukingoni, zile zilizoushika ukuta kwa mizizi yake. Maji yakawa tope. Udongo ukaanza kumegeka kidogo kidogo. Dani aliniambia mara tatu niwatoe, na mara tatu nilimjibu, "Wiki ijayo." Sababu yenyewe naitoa kwa aibu: watu walikuwa wanakuja kuwatazama na kuuliza aliyewaleta ni nani, nami nilipenda sana kusikia jina langu likitajwa. Masika yalikuwa yanakaribia. Ukuta ule ukipasuka, Dani angebaki na shimo.

Basi nikaja na wenzangu wanne na wavu wa kukokota. Ziwani tulikuwa na mtindo wetu: wawili wanavuta wavu, wengine wanapiga maji kwa fimbo wakipaza sauti, ngege anaogopa na kukimbilia wavuni mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Hatukujua kwamba mla nyasi akitishwa hakimbii, anaruka. Wakauruka wavu mmoja baada ya mwingine kama mbuzi wanaoruka ua, na wa mwisho, mkubwa wao, akanigonga hapa, katikati ya kifua.

"Omera, ndugu yangu, samaki imekuchapa ngumi!" akapiga kelele mwenzangu Ochola, na majirani waliokuja na masufuria yao wakaangua kicheko.

Tulirudia mara tatu kwa hasira. Tulichopata ni ngege wa Dani, wadogo, wengi wao wamekufa kwa kukanyagwa. Na miguu yetu ikabomoa kipande cha ukuta, upana wa mlango hivi, kikateleza majini. Wenzangu wakakunja wavu na kurudi pwani ya ziwa. Mimi nikabaki na aibu yangu, na kijana mwenye aibu ni mtu wa kuogopwa, mwanangu. Nikachukua jembe. Niliamua kuufungua ukuta mwenyewe, maji yatoke, samaki wateremke kijitoni waende ziwani, yaishe. Bwawa tungelijaza upya masika yakija.

Nilikuwa nimepiga jembe mara mbili Dani alipokuja. Hakupiga kelele. Alivua kandambili zake, akakaa chini juu ya ukuta, pale pale nilipokuwa nataka kuchimba.

"Chimba sasa," akasema.

"Dani, ondoka. Ziwa ni kubwa. Samaki kidogo hivi hazitamaliza ziwa."

"Hata aliyeleta mbuta alisema hivyo. Ile fulu tulikuwa tunakula nikiwa msichana, iko wapi? Nionyeshe hata moja, nyakwara, mjukuu wangu."

Fulu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakipungua, mwaka baada ya mwaka, wakimezwa na mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani kutoka nje. Ningemwonyesha yupi?

"Wewe unajua ziwa," akaendelea. "Bwawa hujui. Ulileta hii samaki na mkono yako, utatoa na mkono yako. Yote. Na hakuna kupiga kelele kwa maji yangu tena."

Nililia, sitakuficha. Yeye akasubiri nimalize, kisha akanituma kukata matete.

Ujanani alikuwa ameona wazee wakitega mtoni kwa uzio wa matete, nasi tukajenga wa namna hiyo kwenye kona moja ya bwawa, wenye mlango mmoja mwembamba. Nyasi laini niliziweka ndani ya uzio tu, kila asubuhi saa ile ile, bila neno. Nilikatazwa hata kukohoa. Kule Luanda Kotieno wenzangu walikuwa wanavua na kuniita mchungaji wa samaki. Siku nne hakuingia hata mmoja. Siku ya tano aliingia mmoja, akala, akatoka, nami nilitamani sana kuufunga mlango. Dani alikuwa amesema ningoje, nikangoja. Siku ya tisa waliingia saba. Nikasukuma lango la matete taratibu, nikaingia na gunia lililolowa, nikawafunika kichwa mmoja mmoja na kuwatoa. Wa nane alinaswa kwa ndoana yenye jani la sukuma wiki.

Mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi upande wa ziwa. Dani akauliza, "Wamebaki wangapi?"

Maji yalikuwa tope. Siku ya kuwaleta niliwahesabu peke yangu, kwa hiyo hakuna ambaye angejua. Neno "wameisha" lilikuwa limefika kwenye meno yangu.

"Mmoja," nikasema.

"Basi bado," akasema, akaingia kupika.

Yule mmoja alikuwa ndiye aliyenipiga. Alinichosha siku tatu. Mvua ilianza nikiwa majini, nikatoka kupanga magunia ya udongo kwenye lile pengo la ukuta, nikarudi majini, nikatoka tena. Nilimpata mchana wa siku ya tatu mvua ikinyesha, akiwa ndani ya uzio, njaa imemshinda. Nilimkumbatia kama mtu anayepigana mieleka na jirani yake. Dani alinitazama nikimbeba, hakunisifu. Alisema tu, "Enda uoge, uji iko." Ukuta ulishika masika yale yote. Samaki tuliwabanika na kuwagawia majirani, hata wale walionicheka, nao wakalalamika kwamba wana miiba mingi, na ni kweli. Mvua ilipotulia, mimi na Dani tulipanda upya nyasi za ukingoni, shina kwa shina, kwa mikono.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayechimba bwawa uani kwako Milimani, mjini, au shambani kwa mama yako. Kabla hujaleta kiumbe kwenye maji ya mtu, muulize mwenye maji. Kikizidi, usingoje sifa ziishe, kitoe kikiwa bado kidogo. Usimwagie mto wala ziwa kosa lako, kwa sababu huko wanaishi wengine ambao hawakukuomba kitu. Na ukianza kutoa, toa mpaka wa mwisho, hata kama ni wewe peke yako unayejua kwamba yuko.

Nyasaye, Mungu wetu, akulinde. Ukuta wako ushike masika na vuli. Na siku utakapoulizwa wamebaki wangapi, akupe moyo wa kusema mmoja, na miguu ya kurudi majini.